Tiba za Inflamesheni katika Nyanda za Chai za Kericho na Bomet

Maana na mipaka

Inflamesheni ni mwitikio wa tishu hai dhidi ya jeraha, viini vya maradhi au kitu chochote kinachozisumbua. Katika mazungumzo ya kila siku mwitikio huo huitwa uvimbe, ingawa uvimbe ni dalili moja tu miongoni mwa dalili zake. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliorodhesha nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Ya tano, yaani kiungo kushindwa kufanya kazi yake, iliongezwa baadaye.

Dalili hizo zina chanzo kimoja. Tishu zikiumia hutoa kemikali, zikiwemo histamini na prostaglandini. Mishipa midogo ya damu hutanuka, na kuta zake huanza kupitisha maji na chembe nyeupe kuelekea penye madhara. Kutanuka kwa mishipa huleta wekundu na joto, maji yanayovuja huleta uvimbe, na neva zilizoamshwa na kemikali hizo huleta maumivu. Kazi ya mwitikio huu ni kuua viini, kuondoa tishu zilizokufa na kuanzisha uponyaji.

Si kila uvimbe ni inflamesheni. Miguu inayojaa maji kwa sababu ya udhaifu wa moyo au figo huwa imevimba bila joto wala wekundu, na ikibonyezwa kwa kidole hubaki na shimo. Uvimbe wa saratani hukua polepole na mara nyingi hauumi mwanzoni. Tezi ya shingo inayokua kwa kukosa madini ya joto nayo ni kundi jingine. Makala hii inahusu inflamesheni pekee, na namna inavyotibiwa na mifumo mitatu inayokutana Kericho na Bomet: tiba ya asili ya Wakipsigis, Ayurveda ya Kihindi ambayo viungo vyake vimeingia jikoni, na tiba ya hospitali.

Aina za inflamesheni

Kwa kigezo cha muda, inflamesheni ni kali au sugu. Iliyo kali huanza ghafla na huisha kwa siku au wiki chache, kama kidole kilichochomwa na mwiba au koo la mafua. Iliyo sugu hudumu miezi au miaka, na humo uharibifu na uponyaji huendelea pamoja mpaka tishu zikabadilika umbo.

Kwa kigezo cha chanzo, aina kuu ni nne. Ya kwanza hutokana na jeraha au msuguano, kama vile mgongo na magoti ya mtu anayeinama na kubeba mizigo mwaka mzima. Ya pili hutokana na viini, kama jipu, nimonia na uvimbe wa fizi. Ya tatu hutokana na kinga ya mwili kushambulia tishu zake yenyewe, na mfano wake mkuu ni baridi yabisi inayokunja vidole na viganja. Ya nne hutokana na fuwele za asidi ya yuriki zinazojikusanya kwenye kiungo, ugonjwa uitwao jongo, ambao mara nyingi huanzia kwenye kidole gumba cha mguu usiku wa manane.

Homa ya rumatiki husimama kati ya aina ya pili na ya tatu. Huanza na koo la mtoto lililoambukizwa bakteria aina ya streptokoka. Wiki mbili au tatu baadaye, koo likiwa limeshapona, kinga iliyoamshwa dhidi ya bakteria hushambulia viungo na moyo. Maumivu huhama kutoka goti hadi kifundo cha mguu, kisha kiwiko, na huondoka bila kuacha kilema katika viungo. Vali za moyo hazina bahati hiyo: hubaki na makovu. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15, na unastahili kutajwa mapema kwa sababu ndio unaoonyesha vizuri kuliko mwingine hatari ya kutibu maumivu bila kujua chanzo chake.

Mazingira ya nyanda za chai

Kericho na Bomet ziko upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, chini ya msitu wa Mau. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianzisha mashamba makubwa Kericho. Baada ya uhuru wakulima wadogo waliingia katika zao hilo kupitia KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, na viwanda vyao vimetapakaa kutoka Litein na Momul hadi Kapkoros na Mogogosiek.

Kazi ya kuchuma chai ina namna yake ya kuuchosha mwili. Mchumaji husimama kati ya mistari ya michai iliyokatwa usawa wa kiuno, akiwa amefunga aproni ya plastiki kuzuia umande. Vidole hukata majani mawili na chipukizi, mkono hurusha majani nyuma ya bega, na kikapu mgongoni huzidi kuwa kizito mpaka wakati wa kupima. Mabega, kiuno na viganja hurudia mwendo huohuo siku nzima, na ardhi yenyewe ni ya miteremko. Mwaka 2022 mahakama ya Court of Session ya Scotland iliruhusu kesi ya pamoja ya wafanyakazi wa Kericho dhidi ya James Finlay (Kenya), wakidai fidia kwa maumivu ya mgongo na viungo waliyosema yalitokana na kazi hiyo. Kwa sababu hii inflamesheni ya viungo na misuli ni jambo la kiuchumi kama lilivyo la kitabibu katika kaunti hizi.

Mpangilio wa Ayurveda

Ayurveda ni mfumo wa tiba wa India unaotegemea maandiko ya Kisanskriti, hasa Charaka Samhita na Sushruta Samhita. Humo uvimbe huitwa shotha. Charaka huugawa kwanza kwa chanzo: uvimbe wa nje, unaoletwa na pigo, sumu au kuungua, na uvimbe wa ndani, unaoletwa na kuvurugika kwa nguvu tatu za mwili ziitwazo vata, pitta na kapha. Uvimbe wa vata huhamahama, huambatana na maumivu makali na huzidi mchana. Uvimbe wa pitta ni moto, mwekundu au wa manjano, na huja na kiu na homa. Uvimbe wa kapha ni mzito, baridi na mweupe, na huzidi usiku.

Sushruta, ambaye jina lake huhusishwa na upasuaji, aliongeza mgawanyo wa hatua tatu: uvimbe mbichi, uvimbe unaoiva na uvimbe ulioiva. Mbichi hupozwa, unaoiva husaidiwa kuiva, na ulioiva hupasuliwa. Kupasua kabla ya wakati na kuchelewa kupasua huhesabiwa kuwa makosa sawa.

Maradhi ya viungo yamepewa majina mawili makuu. Vatarakta hufanana na jongo. Amavata, iliyofafanuliwa kwa kirefu katika Madhava Nidana, hufanana na baridi yabisi. Katika maelezo yake, chakula kisichosagika vizuri kwa sababu ya udhaifu wa moto wa tumbo, uitwao agni, huacha uchafu mzito uitwao ama. Uchafu huo husafirishwa na vata hadi kwenye viungo, ukavikaza na kuvivimbisha.

Tiba hufuata maelezo hayo kwa mpangilio: kupunguza chakula, kutoa jasho kwa joto kavu, dawa chungu na kali za kuamsha moto wa tumbo, dawa za kuharisha na mwishowe mafuta na enema. Mafuta ya mbarika hushika nafasi ya juu katika amavata. Dawa nyingine zinazotajwa sana ni tangawizi kavu, manjano, utomvu wa guguli, utomvu wa ubani wa India, na mizizi ya ashwagandha. Mmea wa ashwagandha (Withania somnifera) huota wenyewe pia katika maeneo makavu ya Afrika Mashariki, na mbarika huota kando ya njia karibu kila mahali Kenya.

Mfumo huu haukufika Kericho kama hospitali wala chuo. Ulifika vipandevipande katika mizigo ya Wahindi waliokuja na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, kisha wakawa mafundi, makandarasi na wenye maduka. Jumuiya ya Masingasinga ya Kericho, mji alikoishi kiongozi wao wa kiroho Baba Puran Singh, inajulikana na Masingasinga wa nchi nyingi. Kilichohama kutoka kwa jumuiya hizo kwenda kwa majirani ni viungo: tangawizi, manjano, pilipili manga, karafuu, iliki na mdalasini, ambavyo sasa huuzwa katika kila duka kutoka Sotik hadi Londiani.

Tiba ya Wakipsigis: watu na njia

Mtaalamu wa mitishamba miongoni mwa Wakipsigis huitwa chepkerichot, na mara nyingi ni mwanamke mtu mzima aliyerithi ujuzi katika ukoo wake. Ni lazima atofautishwe na orgoiyot, kiongozi wa kiibada wa ukoo wa Talai. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai mwaka 1934 na kuwapeleka Gwassi kando ya Ziwa Victoria. Sheria ya uchawi ya mwaka 1925, nayo, ilimfanya hata mtu wa mizizi na maganda afanye kazi yake kwa kujificha. Mambo hayo mawili yalichangia kufanya ujuzi wa dawa ubaki wa mdomo na wa nyumbani.

Njia za kutayarisha dawa ni sita. Ya kwanza ni kuchemsha ganda au mzizi katika maji. Ya pili ni kuchemsha pamoja na mifupa kuwa supu. Ya tatu ni kuloweka katika maji baridi. Ya nne ni kutafuna dawa mbichi na kumeza mate yake. Ya tano ni kuponda na kupaka au kufunga penye uvimbe. Ya sita ni kufukiza, yaani kuketi chini ya blanketi juu ya sufuria ya majani yanayotoa mvuke.

Supu ndiyo njia kuu kwa maradhi ya viungo. Miguu na mifupa ya mbuzi au ng'ombe hutiwa katika sufuria kubwa pamoja na vipande vya mizizi vilivyooshwa na kupondwa kidogo ili vifunguke nyuzi. Hutokota kwa moto mdogo kwa saa kadhaa mpaka mchuzi ugeuke rangi ya kahawia, na uchungu wake usikike hata katika mvuke. Mizizi huopolewa, mchuzi huchujwa, kisha hunywewa moto kwa kikombe. Mafuta ya mifupa yana kazi mbili: hupunguza makali ya dawa tumboni, na hubeba viambato visivyoyeyuka katika maji.

Mimea mikuu kwa sehemu itumikayo

Mizizi. Kosisitiet (Rhamnus prinoides) ni kichaka chenye majani ya kung'aa kinachoota pembezoni mwa msitu. Mizizi yake ndiyo ya supu ya viungo, na jamii nyingine za nyanda za juu za Kenya, wakiwemo Wamaasai, huitumia vivyo hivyo. Legetetwet (Carissa spinarum), iitwayo mtandamboo kwa Kiswahili, ni mti mfupi wa miiba wenye matunda meusi matamu. Mizizi yake huchemshwa kwa maumivu ya viungo, kifua na kichwa.

Maganda. Soget (Warburgia ugandensis) lina ganda kali kama pilipili. Hutafunwa kwa koo linalouma, kikohozi na jino. Ukali wake hutokana na viambato viitwavyo poligodiali na waburganali, ambavyo maabara imeonyesha kuwa huzuia kuvu na baadhi ya bakteria. Tendwet (Prunus africana) ni mti mrefu wa msitu wa Mau ambao ganda lake likivunjwa hunukia kama lozi. Wakipsigis hulitumia kwa tumbo na kifua. Ulaya, dondoo lake limeuzwa kwa miongo kadhaa kama dawa ya tezi dume iliyovimba, kwa sababu ya fitosteroli zilizomo. Sagawaita (Zanthoxylum gilletii), mti wenye miiba iliyokaa juu ya vinundu vya shina, hutumika kwa kikohozi na viungo. Emitiot (Olea europaea, jamii ndogo ya Kiafrika) ni mzeituni mwitu ambao ganda na majani yake huchemshwa kwa homa na minyoo.

Majani. Tebeswet (Croton macrostachyus) hutoa majani na utomvu wa kupaka kwenye vidonda na ngozi iliyovimba. Siwot (Urtica massaica) ni mmea unaowasha kwa nywele zake zenye histamini na asetilikolini, kemikali zinazoanzisha wekundu na maumivu. Ukipikwa, nywele hizo huharibika na majani huwa mboga.

Matunda na utomvu. Labotwet (Solanum incanum), yaani mtunguja, lina matunda ya manjano ambayo maji yake hutiwa kwenye jino na fizi zilizovimba. Tangaratwet ni jina la mishubiri ya kienyeji. Ndani ya jani mna vitu viwili vya kutofautishwa: ute mweupe wa katikati, ambao hupoza ngozi iliyoungua, na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, ambao ni mchungu na wa kuharisha.

Vyakula na vinywaji

Mursik ni maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kiitwacho sotet. Kabla ya maziwa kutiwa, kijiti cha senetwet (Senna didymobotrya) huchomwa mpaka kiwe kaa, na kaa hilo husuguliwa ndani ya kibuyu kwa ufito hadi ukuta wote uwe mweusi. Kaa huua viini visivyotakiwa, hulainisha ladha na huyapa maziwa rangi ya samawati iliyofifia. Bakteria wa asidi ya laktiki hustawi humo, na kwa hiyo mursik huhesabiwa kuwa chakula cha kutuliza tumbo. Sifa hiyo ina upande wa pili: uchachukaji huohuo huweza kuzalisha alkoholi kidogo na asetaldehaidi, ambayo huudhi utando wa umio.

Chai yenyewe ni dawa na ni kisababishi, kulingana na namna ya kuinywa. Jani bichi la Camellia sinensis limejaa katekini. Katika chai ya kijani hubaki kama zilivyo. Katika chai nyeusi, inayotengenezwa kwa wingi Kericho, huungana wakati wa uchachushaji na kuwa theaflavini na tearubijini, zinazoipa chai rangi na ukali. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho, yenye makao yake Timbilil, ilitoa aina ya TRFK 306, chai ya zambarau yenye anthosianini, rangi ileile iliyomo katika zambarau na biringani. Makundi yote haya ya viambato hupunguza kemikali za inflamesheni katika majaribio ya maabara.

Kwa upande mwingine, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliamua mwaka 2016 kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 huenda husababisha saratani ya umio. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet imekuwa ikipokea wagonjwa wengi wa saratani hiyo, wakiwemo vijana. Kuunguza umio kila siku ni inflamesheni sugu, na chai iliyoachwa ipoe kidogo hubaki na viambato vyake vyote.

Viungo vya chai hukamilisha orodha. Tangawizi ina jinjeroli, ambazo hubadilika kuwa shogaoli ikikaushwa. Manjano ina kukumini, asilimia chache tu ya uzito wake, na kiambato hicho hufyonzwa kwa shida. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kuwa piperini ya pilipili manga huongeza sana kiasi cha kukumini kinachofika katika damu. Desturi ya kuchanganya vitu hivyo viwili imetangulia maelezo yake kwa karne nyingi.

Namna dawa zinavyofanya kazi

Mlango mkuu unaofahamika ni kimeng'enya kiitwacho siklooksijenasi, kinachotengeneza prostaglandini. Asidi ya asetilisalisili, yaani aspirini, ilitengenezwa na Felix Hoffmann katika kampuni ya Bayer mwaka 1897. Namna inavyofanya kazi ilibaki fumbo mpaka John Vane alipoonyesha mwaka 1971 kwamba huziba kimeng'enya hicho, ugunduzi uliompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ibuprofeni na diklofenaki hupita mlango huohuo.

Dawa za mimea hupita milango kadhaa kwa pamoja, kila mmoja kwa nguvu ndogo. Kukumini na jinjeroli hupunguza utengenezaji wa prostaglandini. Oleokanthali, iliyotambuliwa mwaka 2005 katika mafuta ya zeituni, hufanya kazi kama ibuprofeni. Fitosteroli za tendwet hutuliza tishu za tezi dume. Asidi ya boswelia ya ubani huziba kimeng'enya kingine kinachotengeneza leukotrieni. Kuna pia dawa zinazotuliza maumivu kwa kuudhi ngozi, ili hisia mpya iizuie ya zamani, kama inavyofanya pilipili.

Ushahidi una ngazi. Ya chini ni matumizi ya vizazi vingi. Ya pili ni maabara, ambako dondoo hujaribiwa kwenye seli au kwenye nyayo za panya zilizovimbishwa makusudi. Ya juu ni majaribio kwa wagonjwa, kundi moja likipewa dawa na jingine kitu kisicho na nguvu. Manjano na tangawizi zimefika ngazi ya juu kwa ugonjwa wa magoti ya wazee, na nafuu iliyopatikana ni ya wastani. Mimea mingi ya Kipsigis bado iko ngazi ya kwanza na ya pili.

Madhara na mipaka

Madhara ni ya makundi manne. Kundi la kwanza ni sumu ya mmea wenyewe. Mtunguja una solanini na jamaa zake, senetwet na utomvu wa mshubiri huharisha vikali, na utomvu wa tebeswet huunguza. Kundi la pili ni uchafu na uchanganyaji: baadhi ya dawa za Ayurveda za madini zimekutwa na risasi na zebaki, na baadhi ya unga wa mitishamba unaouzwa sokoni umechanganywa na vidonge vya steroidi vilivyosagwa, ndiyo maana huleta nafuu ya ghafla.

Kundi la tatu ni kugongana na dawa za hospitali. Mgonjwa aliyewekewa vali bandia ya moyo ya kimitambo hutumia warfarini maisha yake yote ili damu isigande, na tangawizi au manjano kwa kiasi kikubwa huweza kuzidisha hatari ya kutokwa damu. Onyo hili lina uzito wa pekee Bomet, kwa kuwa Tenwek ni kituo kinachofanya upasuaji wa vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Vidonge navyo si salama kwa sababu tu vina karatasi ya maelezo: diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kwa miezi bila uangalizi huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo.

Kundi la nne ni kuchelewa. Hili halitokani na dawa yenyewe, bali na muda inaochukua nafasi ya tiba nyingine. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla pamoja na homa huenda kina usaha ndani, na usaha huharibu gegedu kwa siku chache. Baridi yabisi ikitibiwa mapema hospitalini huzuiwa kukunja vidole, na ikichelewa hakuna mzizi wala kidonge kitakachovinyoosha.

Sheria na hifadhi

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inatambua tiba ya asili na tiba mbadala kama sehemu ya huduma za afya. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa jamii haki juu ya ujuzi wao. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo cha kuchunguza dawa za asili. Kimataifa, Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha tiba ya asili Jamnagar, India, mwaka 2022.

Hifadhi ni suala la pili. Biashara ya kimataifa ya tendwet imewekewa masharti na mkataba wa CITES tangu mwaka 1995, na mishubiri mwitu yote imo katika mkataba huohuo. Mti ukibanduliwa ganda kuzunguka shina lote hufa, kwa sababu chakula kutoka kwenye majani hakifiki tena kwenye mizizi. Ganda likitolewa kwa vipande vyembamba, mti huliotesha tena. Kwa mimea ya mizizi kama kosisitiet, kung'oa ni kuua. Msitu wa Mau ukipungua, duka la dawa la chepkerichot hupungua kwa kipimo kilekile.

Nafasi ya kila mfumo

Mifumo mitatu inaafikiana katika jambo moja: uvimbe lazima ubainishwe aina yake kabla ya kutibiwa. Charaka alitenganisha wa nje na wa ndani, Sushruta mbichi na ulioiva, na hospitali hutenganisha wa viini, wa kinga na wa fuwele. Chepkerichot huchagua supu kwa viungo, ganda kwa koo na ute kwa ngozi.

Kutokana na uainishaji huo, nafasi za tiba zinapangika hivi. Uchovu wa misuli na maumivu ya muda mrefu ya magoti na mgongo yasiyo na homa ndipo supu ya mizizi, tangawizi, manjano, kukanda na joto vinapofaa, pamoja na kupunguza mzigo unaoyaleta. Baridi yabisi na jongo ni za hospitali kwanza, na vyakula hivyo huwa vya kusaidia, kwa ruhusa ya daktari. Jipu kubwa, kiungo kimoja chenye joto na homa, na maumivu yanayohama kutoka kiungo hadi kiungo kwa mtoto havina dawa ya nyumbani. Koo la mtoto linalouma pamoja na homa linastahili kuchunguzwa katika kituo cha afya siku hizohizo, kwa kuwa penisilini ya bei nafuu inayotolewa kwa wakati huzuia upasuaji wa moyo wa miaka ya baadaye.